Mama na Vikapu vya Pasaka vya Waslovenia

Mwezi uliopita kazi ilinirudisha Brussels, kwa tiketi niliyojilipia mwenyewe, nikaenda mtaa wa Anderlecht kulitazama jengo letu la zamani. Katika jengo lile zima ni mimi peke yangu niliyetoka na diploma ya uhandisi nikarudi nayo Bukavu. Kama hukujua, sasa umejua. Nilibonyeza kengele ya jirani yetu wa chini. Akafungua kijana nisiyemfahamu. Ngazi zilizokuwa zikinukia mdalasini na asali kila Pasaka zilinukia rangi mpya.

Jirani yule alikuwa bibi wa Kislovenia. Pasaka moja, nikiwa bado shule ya msingi, alitupeleka mimi na mama kijijini kwao Slovenia: nyumba chache zimelizunguka kanisa la parokia la zamani mno, kuta nene, ndani baridi kama friji. Aliondoka pale akiwa msichana, na kila akirudi walimwita "Mbelgiji". Safari hii alitaka wakubali kwamba bado ni wao.

Huko, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, kila mama hupeleka kanisani kikapu chenye paja la nguruwe, mayai mekundu na mkate mtamu wa kuviringishwa uliojaa njugu, kimefunikwa kitambaa cha kutarizi. Padri hubariki, kila mtu hurudi na chake, na hakuna kuonja mpaka asubuhi. Hilo hakuna aliyemweleza mama.

Mama alikuwa mkuu wa matoleo katika jumuiya yetu ya Wakongo. Kwake, chakula kilichofika mbele ya altare ni cha padri, basi. Baraka ilipokwisha, wanakijiji wakaenda kupiga magoti kwenye altare ya pembeni. Mama akanigeukia. "Mutoto, beba. Batu ba huku banachoka mbio." Aliona wamechoka upesi, kabla ya kuvifikisha kwa padri.

Tukavipitisha vikapu vyote mlango wa sakristia hadi jikoni kwa padri. Mama, mtu wa utaratibu, akavifungua akapanga: nyama na nyama, mayai na mayai, mikate na mikate.

Wanawake walipofika, hakuna aliyeweza kujua mkate wake. Wote wakamgeukia jirani, kwa kuwa ndiye aliyetuleta. Akawa mwekundu kuliko mayai. Mama ndiye aliyeshangaa zaidi. "Bon, mulimupatia Mungu, alafu munamunyanganya?"

Jirani, ambaye kwa kawaida aliongea Kifaransa na mama, alimwomba aseme tena kwa Kifaransa, akawatafsiria kwa sauti ndogo. Padri akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Akaamua kwamba kesho, baada ya misa, wote watakula uani kwake.

Asubuhi kila mama alionja mikate yote akitafuta wake, huku akiisema ya wenzake. Mkate mmoja uliisha kabla ya mingine, wakaanza kuulizana mwenyewe ni nani.

"Ni wangu," alisema jirani.

Tangu hapo wakamwita kwa jina lake la utotoni. Kwenye basi la kurudi Brussels, kitambaa cha kikapu chake alimfunga mama kichwani.

Bibi yule amefariki, padri naye pia, na sijui kama kijijini kuna anayeoka tena. Sebuleni kwangu Bukavu, sebule kubwa niliyoijenga mwenyewe, diploma yangu ipo ukutani katika fremu ya dhahabu. Pembeni yake mama ametundika kitambaa kile. Wageni huulizia kitambaa kwanza. Nikimaliza kueleza, chai imeisha, wanaaga.