Kikokotoo cha Mkono Mmoja

Kikokotoo changu cha kwanza kilikuwa na rangi saba. Nilizihesabu mara mbili, kwa fahari. Kilikuwa ukurasa wa wavuti usio na wavuti: katika Kisangani ya miaka ile ya vita, intaneti ilikuwa habari ya kusimuliwa, basi ukurasa wangu uliishi ndani ya disketi, mfukoni mwa shati. Ufundi wenyewe niliupata kwenye kitabu cha Kifaransa nilichonunua sokoni. Muuzaji alikataa kupunguza bei mpaka nilipomwonyesha kwamba kurasa kumi na mbili hazipo. Baadaye niligundua kuwa hizo ndizo zilizofundisha kupanga rangi.

Tonton, mdogo wa papa, baba yangu, alikuwa seremala hadi kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia. Depo moja ya mbao ilikuwa inatafuta mtu wa kupima mizigo iliyoingia kwa baiskeli kutoka njia ya Ubundu. Kupima mbao Tonton alijua hata usingizini. Lakini patron, mwenye depo, alitaka hesabu zifanywe kwenye kompyuta yake ya kukunja, ili watu waone anayo. Jaribio lilikuwa Jumatatu. Tonton akishindwa, kazi ingekwenda kwa mkwe wa patron, kijana wa mikono miwili.

Nikaona kikokotoo changu kingemfaa, nikamwomba patron saa tatu za kuizoea mashine. Akatupa moja Ijumaa na moja Jumamosi, yaani mbili zaidi ya nilivyotegemea.

Ijumaa Tonton aliutazama ukurasa wangu, akaigeuza shingo huku na huku.

"Iko muzuri," akasema. "Iko sawa na pagne, kitenge ya sikukuu. Donc, namba iko wapi?"

Namba zilikuwepo, za njano juu ya rangi ya maziwa, ndogo kama samaki ndakala. Nikafuta rangi tano. Maandishi yakawa meusi juu ya nyeupe, vitufe vikawa vipana kama vipande vya sabuni, na kila alipofika palijichora fremu nene, ajue yuko wapi. Kipanya hakikumfaa kabisa. Alikisukuma kama randa, kikaanguka chini. Ikabaki kibodi.

Hapo ndipo kosa langu lilipojitokeza. Kwenye kibodi ya Kifaransa, namba hukaa juu ya kitufe na alama nyingine chini yake. Ukitaka namba, mkono mmoja ushikilie kitufe cha herufi kubwa, mwingine ubonyeze. Nilikuwa nimebonyeza hivyo mwaka mzima bila kugundua kwamba nina mikono miwili.

"Kuna kitufe cha kufunga herufi kubwa," nikasema. Tukafunga. Namba zikaja, ila virgule, mkato wa desimali, ikageuka alama ya kuuliza.

"Ubao ya santimetre tano, mimi naandika sifuri virgule sifuri tano. Hii machine inaniuliza nini?"

"Inauliza kama uko na hakika, Tonton."

"Uiambie niko na hakika tangu mbele uzaliwe."

Usiku, kwenye kompyuta niliyojifunzia, nikaandika upya: kitufe cha namba kikibonyezwa hivi hivi, bila mkono wa pili, kihesabiwe kuwa namba. Virgule ibaki virgule. Jumamosi nikajaribu vitufe vyote, kisha vyote tena, mkono wangu wa kulia nimeukalia.

Jumatatu patron akatoa rundo, atajiwe ujazo wake: mbao arobaini, urefu mita nne, upana santimita thelathini, unene tano. Mkwe, na kikokotoo chake cha mfukoni, akamaliza upesi: ishirini na nne. Tonton alikuwa bado anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu kama mtu asiyetaka kupinda msumari. Ukurasa ukaonyesha mbili virgule nne.

Patron akatazama majibu yote mawili. Tonton akatazama rundo.

"Metre cube makumi mbili na ine, mukwe, ingejaa hii depo yote. Sisi tungesimama inje."

Patron akakohoa. "Alors, papa, kesho saa moja."

"Kesho nitakuja na musumeno. Hii meza iko juu sana kwa mukono ya kushoto."

"Hii meza aliniachia papa yangu."

"Bon, tutakata kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Santimetre saba."

"Tatu."

Wakaishia tano. Asubuhi yake nilishikilia meza, Tonton akakata miguu yote minne kwa mkono wa kushoto, patron amechuchumaa kando yake na rula.