Mstari wa Bi Sumati

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya mwezi wa tatu ambayo haijanitoka kichwani. Theluji ilikuwa inayeyuka, na viatu vyangu vilikuwa vimelowa hadi soksi. Niliikumbuka tena Jumapili ulipokaa mezani kwangu na ile karatasi ya shule ya kuchora ukoo. Ulijaza visanduku vya upande wa mama yako, kisha ukaweka kalamu chini, maana upande wa baba ulikuwa mtupu. Ukaniambia kwa Kiswidi kwamba utamdanganya mwalimu kuwa umeisahau nyumbani. Sikukujibu. Unanijua mjomba wako: nikiulizwa jambo Jumapili, najibu Alhamisi. Leo ni Alhamisi.

Sijawa mzee sana, hilo najua. Lakini kosa ninalotaka kukusimulia lilinizeesha kidogo, kwa hiyo nivumilie nikisema kama mzee.

Ulikuwa mwaka niliomaliza chuo kikuu. Nilikuwa na shahada ya historia, sina kazi, na nilikuwa nimerudi kulala kwenye sofa la bibi yako kule Norsborg. Barua moja ya kuomba kazi niliisoma mara saba kabla ya kuituma, na baada ya kuituma niliisoma mara nyingine saba nikitafuta kosa. Bibi yako alikuwa akisema, "Huyu mtoto hata chai anaiwekea mpango kwanza."

Ghorofa ya chini yetu aliishi Mzee Raghu. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, akafukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka sabini na mbili, akaishia kuunda malori katika kiwanda cha mji wa Södertälje mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Profesa, una kazi?"

"Bado, Mzee."

"Basi unayo. Dada yangu Sumati anatimiza miaka themanini. Nataka kijitabu. Sisi ni nani, tumetoka wapi. Hawa watoto wetu wanajua hoki ya barafu tu."

Nikakubali haraka, kisha nikakosa usingizi.

Watu wake wanaitwa Wabunt. Kwao ni kusini mwa India, kwenye ule ukanda wa pwani ulio kati ya milima na bahari, nchi ya mvua na mpunga. Walikuwa askari wa wafalme wa huko, na jina lao lenyewe husemekana kuwa na maana ya mtu shujaa. Walipigana, wakapata ardhi, wakawa wenye mashamba, wakajenga nyumba kubwa zenye nguzo za mbao zilizochongwa. Baada ya mavuno walishindanisha nyati wao kwenye tope la mashamba, na Mzee alipokuwa akinisimulia hilo alisimama kwenye zulia lake akashika hatamu ambazo hazikuwepo.

Mimi sasa nikaenda maktaba. Huko nikakuta msomi mmoja anasema watu hawa walikuja kutoka kaskazini, mwingine anasema walikuwa pale pale tangu mwanzo. Nikaanza kuandika "labda". Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na labda tisa. Mzee alipousoma alivua miwani.

"Profesa, babu zangu walikwenda vitani na wewe hapa unaogopa sentensi?"

Alinisimulia pia kisa chao cha asili. Zamani mfalme mmoja alikuwa na merikebu zilizogoma kuondoka, kwa sababu pepo alizishika akidai damu ya mtoto wa kifalme. Mke wa mfalme alikataa kumtoa mwanawe. Dada wa mfalme akamleta wa kwake. Pepo alipendezwa, akamwacha mtoto hai, na tangu hapo mfalme akaamuru urithi usipite kwa mwana wake bali kwa watoto wa dada yake. Nilikiandika kisa hicho kwa herufi ndogo, mwisho kabisa, chini ya kichwa "Hadithi". Nilijiona msomi.

Halafu alinipa mchoro wa ukoo aliouchora nyuma ya bahasha. Juu mama yake. Chini ya mama, dada yake Sumati. Chini ya Sumati, binti yake Rekha, na chini ya Rekha, mjukuu Anjali. Yeye mwenyewe alikuwa pembeni mwa Sumati, na chini yake hapakuwa na mstari wowote, ingawa alikuwa na wana wawili wakubwa.

Mwanangu, hapa ndipo nilipokosea. Nilikaa na ile bahasha siku tatu. Nikajiambia, mzee amesahau wanawe. Nikajiambia, nikimuuliza nitamwonyesha kwamba akili inamtoka, ataona haya. Nikajiambia mengi. Sikujiambia nishuke ngazi kumi na nne nikagonge mlango. Nikachora upya, kwa unadhifu na kwa kompyuta: baba yake Mzee juu, kisha Mzee Raghu, kisha wana wake wawili. Bi Sumati nilimweka katika maelezo chini ya ukurasa. Nikachapa nakala thelathini.

Sherehe ilifanyika Jumamosi ile, Södertälje, adhuhuri, katika ukumbi wenye harufu ya wali wa nazi. Mama yangu alikuja nami, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mzee alikuwa amenieleza kwamba siku hiyo dada yake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba yao, atamsimamisha Anjali mbele ya watu na kutamka kwamba nyumba ya kwao inaendelea kwake. Kijitabu kilikuwa ni kwa ajili ya hilo. Nilisikia, mwanangu, na bado sikuelewa.

Bi Sumati, mwanamke wa umbo dogo mwenye sari ya kijani, alivaa miwani na kufungua ukurasa wa mchoro. Akautazama. Akaupindua, akaurudia.

"Raghu," akasema, "mimi nilikufa lini?"

Watu wakacheka. Mmoja wa wana wa Mzee akainua nakala yake juu: "Shangazi, kumbe nyumba ni yangu! Imeandikwa!" Wakacheka zaidi. Bi Sumati hakucheka. Anjali, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa amesukwa maua kwenye nywele, alikuwa amesimama tayari katikati ya ukumbi. Alitazama kurasa zile, akarudi polepole kukaa kwenye kiti chake. Kule kukaa kwake ndiko ninakokuona mpaka leo.

Mzee Raghu alinishika kiwiko akanipeleka kwenye chumba cha makoti.

"Nilikuchorea nini?"

"Nilidhani umesahau wanao, Mzee."

"Wanangu ni wa nyumba ya mama yao. Ndivyo tulivyo, ukoo wetu unashuka kwa mama. Ungeniuliza."

"Niliogopa kukuaibisha."

"Ukaona afadhali umzike dada yangu." Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akatoa kalamu mfukoni. "Nakala thelathini. Nenda ukaketi naye mrekebishe. Mimi nitawashughulisha watu kwa chakula."

Nikaketi karibu na Bi Sumati. Nikaomba radhi, nikaanza kueleza kwa nini, na kwa nini ya kwa nini, mpaka akaniwekea kidole kwenye karatasi. "Chora."

Nikachora. Yeye akitaja, mimi naandika: mama yao Akkamma, Sumati, Rekha, Anjali. Nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia ya kumi mistari yangu ilikuwa imenyooka. Alinitajia hata mama wa Akkamma na mama yake tena, wanawake ambao hakuna kitabu cha maktaba kilichowajua, na ile hadithi niliyoiweka kwa herufi ndogo akaniambia niiandikie nyota pembeni. Hakukuwa na labda hata moja.

Kwenye ya ishirini na kitu akaniuliza, "Na wewe, wa nyumba gani?"

Swali hilo nililikimbia maisha yangu yote. Baba yangu alipotea vitani nikiwa mchanga, na hatukuwahi kuwajua ndugu zake. Watu wa kwetu wakiniuliza ukoo, nilikuwa nikibuni. Siku hiyo nilichoka kubuni.

"Sijui upande wa baba, Bibi."

"Nimekuuliza baba mimi? Yule mama wa kitenge anaitwa nani?"

"Furaha."

"Binti wa nani?"

"Wa Nabintu. Na Nabintu ni wa Mwamini, wa Bukavu."

Akachukua kalamu yangu. Nyuma ya nakala yake mwenyewe akaandika, kwa mkono wa mtu asiye na haraka: Mwamini, Nabintu, Furaha, na jina langu. "Basi una nyumba," akasema. "Leta nyingine tumalize."

Tulipomaliza, Anjali aliitwa tena katikati, na safari hii kila mtu alikuwa na karatasi yenye jina lake. Wana wa Mzee ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi. Nilimtafuta mama yangu kwa macho, akaniuliza kwa ishara, kwa mbali, kwa nini nalia.

Ninawashukuru wazee wale wawili kila ninapoandika jina langu. Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia hivi. Jambo usilolielewa kwa mtu, shuka ngazi ukamuulize kabla hujamsahihisha. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Na karatasi ikikosa mahali pa watu wako, usidanganye. Mwambie mwalimu visanduku vya upande wa baba havina jibu, kisha ugeuze nyuma uandike mstari wako: Mwamini, Nabintu, Furaha, mama yako, wewe. Mimi nichore pembeni, bila mstari chini yangu. Kwa nini nakuita mwanangu wakati mama yako ni dada yangu, sasa unajua.

Mungu akujalie umri mrefu kama wa Bi Sumati, mkono usio na haraka, na watu watakaokusubiri usimame katikati ya ukumbi.