Gauni Jekundu la Warigia

Lydiah ana kibanda cha kushona katika soko la Jericho, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake kubwa imekuwa kuvisha familia nzima nguo za rangi moja. Zamani zilikuwa za harusi. Siku hizi ni za mazishi zaidi. Mtu akifariki, kamati ya matanga huketi, na baada ya kukubaliana siku ya kuzika, lazima mmoja aulize: marehemu alipenda rangi gani? Hiyo ndiyo watoto na wajukuu watakayovaa, na itaandikwa kwenye programu.

Lydiah huwauliza wateja sababu. Kimanzi, mshona viatu wa Kariokor, alimletea kitambaa cha njano alipofiwa na kaka yake.

"Tulikulia Mathare," alimwambia. "Mitungi ya maji ilikuwa ya njano. Ukiikuta imejaa imepangwa mlangoni, unajua leo hutumwi maji tena."

Lydiah alicheka hadi akapindisha mshono.

Agosti mwaka jana alifariki Warigia, mama yake Lydiah mwenyewe. Kikao kilifanyika nyumbani kwa marehemu, hapo hapo Jericho. Lydiah alipofika, Kui, dada yake mdogo, alikuwa ameshapita Eastleigh kununua kitambaa. Mita arobaini za zambarau.

"Hiyo haikuhitaji kikao," alisema Ngigi, kaka yao mkubwa. "Mathe na zambarau, nani hajui?"

Kila mtu alijua. Miaka nenda miaka rudi Warigia alienda kanisani na gauni la zambarau, na likichakaa Lydiah alimshonea jingine kama lile.

"Alipenda nyekundu," Lydiah alisema.

Kui alishika kiuno. "Nyekundu? Kwa mazishi? Watu watadhani tumetoka mkutano wa chama cha siasa."

"Zii," Ngigi alikataa. "Usituletee mambo ya fasheni hapa. Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Lydiah akaketi, akaweka kile kitambaa mapajani, akawaeleza.

Warigia alihamia Jericho mwaka 1981, mjane mwenye watoto watatu, kutoka bondeni Mathare, ambako mvua ikinyesha maji yalifika kitandani. Nyumba ya Jericho ilikuwa ndogo, lakini sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu. Masika ya kwanza, mvua ikipiga mabati, Warigia alipiga magoti akaipapasa sakafu kwa kiganja kutoka kona hadi kona. Ilikuwa kavu. Ngigi na Lydiah walidhani ameangusha sindano. Tangu siku hiyo aliipenda nyekundu, na hakuwahi kusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Lydiah ndiye aliyemuuliza kwanza, miaka baadaye. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujifunza kushona, anataka gauni lake la kwanza liwe la mama. Warigia akataja nyekundu, akasimulia habari ya sakafu. Lydiah akaona aibu. Mjane, tena mama wa kanisa, ndani ya nyekundu? Majirani wangesema anatafuta mume. Akashona zambarau, rangi aliyoiona kwa wake za wazee wa kanisa, akatamani na mama yake aonekane hivyo. Warigia alilivaa, akageuka mbele ya kioo.

"Asante," alisema. "Limenikaa."

Hakuitaja nyekundu tena.

Lydiah alipomaliza, wote watatu walitazama chini, kwenye ile sakafu nyekundu. Kui akagusa kile kitambaa.

"Sasa mita arobaini nizipeleke wapi?"

"Tutazivaa sisi. Sisi ndio tuliozoea zambarau. Lakini gauni lake nitashona ninavyojua."

"Na mchungaji akifunguliwa jeneza?" Ngigi aliuliza. "Halafu programu ziko kwa mpiga chapa, zimeshaandikwa zambarau. Mtajibu nyinyi. Mimi simo."

Lydiah alishona gauni jekundu kwa siku moja tu, mikono mirefu na kola ndogo. Vipimo alivijua kwa kichwa, hata hivyo alifumua bega mara mbili.

Siku ya mazishi watu walipita mbele ya jeneza kwa mstari. Mchungaji alitazama, akasonga. Benta, jirani wa mlango wa pili, akasimama mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana.

"Warigia wee," akasema, "kumbe ulikuwa na rangi hii, na ukatuficha?"

Ndipo Lydiah akaitwa kusoma wasifu. Alisoma vizuri hadi ukurasa wa pili, penye maneno *Mama alipenda rangi ya zambarau*. Hapo akashusha programu. Ngigi akakohoa.

"Hapa tumekosea," Lydiah alisema kwenye maikrofoni. "Zambarau niliipenda mimi. Mama aliniomba nyekundu, nikamnyima."

Akafunua ukurasa, akaendelea na majina ya wajukuu, mmoja mmoja.