Leso ya Kufunikia Televisheni

Ami yangu, kakake baba, alikuwa wa kwanza mtaani kwetu Malindi kununua video, na kwa jeuri hiyo akajifanya kadhi wetu. Kila Jumamosi alituwekea katuni za watoto, naye akikaa karibu na televisheni, leso ya kujitanda mkononi. Panya wawili wakikaribiana midomo tu, alikuwa akiifunika upesi, eti tusiharibike. Lakini kijiji kikichomwa moto, au baba sungura akipigwa risasi mbele ya wanawe, bwana huyo alitafuna kashata zake kwa raha.

Siku moja ikaja katuni ya meli. Chini kwenye tumbo la meli watu weusi walikuwa wamefungwa minyororo, na juu ya mlingoti kasuku akiimba. Sisi watoto tukaimba naye. Bibi, mamake ami, alikuwa akichagua mchele. Akainua macho, akatazama.

"Hivyo ndivyo bibi yangu alivyoletwa mji huu," akasema, taratibu tu.

Ami, ambaye hakuchoka kututajia mababu zake mpaka Arabuni, aliruka na leso yake akaifunika televisheni. Wala hapakuwa na watu waliobusiana.