Shangazi na Diski Iliyogoma Katikati

Kompyuta inainakili diski hadi asilimia arobaini na moja, kisha inanyamaza. Juu ya kipande cha sponji mezani, diski inaanza kugonga kwa ndani: ka, ka, ka. Shangazi ananyoosha mkono na kuikatia umeme.

"Bora niizime mimi kuliko izimike yenyewe," anasema, bila kumwangalia mtu.

Mwanamke aliyekaa kwenye stuli kando yake anashika kifua. "Imekufa?"

"Haijafa. Imechoka. Na wewe punguza kuiuliza uliza, unaipa presha."

Ni saa nne asubuhi, ghorofa ya kwanza ya jengo la biashara lenye korido ndefu na vyumba vyembamba pande zote mbili. Chumba cha Shangazi kinatosha meza, rafu moja na watu wawili wasio wanene. Mlango wa mbele yake ni wa kinyozi, ambaye muziki wake hauzimwi mpaka aombwe. Leo ameombwa. Shangazi anataka kuisikia diski.

Wapangaji wote wa korido wanamwita Shangazi, ingawa si shangazi wa mtu. Ana kaka mmoja tu, naye hajapata mtoto. Jina lilianzia kwa kinyozi, siku aliyogombezwa kwa kumwagia maji waya za umeme, likasambaa.

Kazi yake ni kuokoa vilivyomo ndani ya diski zinazokaribia kufa. Diski ndiyo ghala la kompyuta: barua, picha, hesabu, vyote vinalala humo. Ikianza kuugua, Shangazi haitengenezi. Anainakili nzima, mwanzo hadi mwisho, kwenye diski mpya, kabla haijakata roho. Hapo ndipo faili zinafunguliwa, kwenye nakala. Ile mgonjwa haiguswi tena.

Likielezwa hivyo, jambo linasikika jepesi. Asubuhi hii haliko hivyo.

Mwenye diski ni mdarizi. Mashine yake ya kudarizi inachora kwa kufuata michoro iliyo kwenye kompyuta, na michoro hiyo ameitengeneza mwenyewe tangu binti yake wa kwanza hajaanza shule. Binti huyo sasa yuko chuoni, na ada yake inatoka kwenye mashine hiyohiyo. Maua ya mashuka, majina ya makoti ya wauguzi, nembo za shule: vyote viko ndani ya diski hii. Shule moja inafungua Jumatatu, na masweta yake yamerundikana kwa mdarizi yakiwa vifua vitupu.

"Nikikosa nembo, mkuu wa shule anahamia kwa mwingine," anasema. "Na akihama huyo, wengine wanafuata. Wanaongea hao!"

Diski ilipoanza kusuasua, alimpa shemeji yake aiangalie. Shemeji akaiwekea programu ya kurekebisha, ikaisugua usiku kucha.

"Mwambie shemeji yako asante sana," anasema Shangazi. "Mgonjwa wa moyo, yeye kamkimbiza uwanjani."

"Alikuwa anasaidia, jamani."

"Ndiyo maana nimesema asante."

Shangazi aliwahi kuwa mchapaji katika ofisi ya kuchapa barua na vyeti. Kompyuta zilipoharibika, fundi alikuwa anaitwa, anakaa dakika chache, anaondoka, na kila mara alisema faili haziwezi kupatikana. "Nikajiuliza, haziwezi au hawezi?" Akaanza kununua diski mbovu kwa wauza vyuma chakavu na kuzifanyia mazoezi jioni, kwenye meza ya jikoni. Mumewe alilalamika kwamba sahani hazina pa kukaa. Leo mumewe huyohuyo ndiye anayempelekea wateja, na anavyomsifia utadhani alimfundisha yeye.

Ana kanuni ambazo habadilishi. Hafungui diski kwa bisibisi mezani, maana chembe moja ya vumbi inatosha kuikwaruza. "Ukiona fundi anaifungua mbele yako huku anapuliza kwa mdomo, chukua mali yako ukimbie." Asipopata kitu, hamtozi mteja hata senti. Na hakisii, anaondoa sababu moja baada ya nyingine.

Kwanza anabadilisha waya. Waya mbovu umewahi kumfanya mtu atupe diski nzima, na waya ni bei ya soda. Nakala inaanza upya, inafika palepale, inagoma.

Pili anautilia shaka umeme. Diski ilikuwa inatumia umeme wa kuvuta kupitia tundu dogo la kompyuta, na diski iliyochoka huhitaji zaidi. Anaichomeka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani na kuielekezea feni. Sasa inanguruma vizuri, haitetemeki. Mdarizi anaanza kutabasamu.

Asilimia arobaini na moja. Ka, ka, ka.

"Basi si waya, si umeme," anasema Shangazi, na usoni hana huzuni yoyote. Anafanana na mtu aliyemfuma mwizi. "Ni kidonda. Kiko hapo katikati, na kila tukifika tunakikanyaga."

Mdarizi anainama. "Nitolee hata folda moja tu. Ile ya shule. Mengine yaende."

Wateja wengi huomba hivyo, na Shangazi huwakatalia wote. Kutafuta folda moja, anaeleza, ni kuituma diski mbio huku na huko, na kila mbio inaweza kuwa ya mwisho. Kuinakili kwa mstari, polepole, ndiyo njia inayoichosha kidogo zaidi.

"Dada, nisikilize. Huna akiba popote? Hukuweka nakala?"

"Niliweka!" Mdarizi anainuka kabisa. "Kila mwaka naweka. Iko sehemu ya pili, ile ya chini, nimeiandika AKIBA."

"Sehemu ya pili ya wapi?"

"Ya humohumo kwenye diski."

Kutoka ng'ambo ya korido, kinyozi anacheka mpaka anaacha kunyoa. Shangazi anafumba macho. "Yaani umefunga nyumba, na ufunguo wa akiba umeuweka sebuleni."

Lakini anapofumbua macho, amekwisha kuishika kibodi. Sehemu ya pili hukaa mwishoni mwa diski. Kidonda kiko katikati. Hakuna sheria inayosema lazima uanze mwanzoni.

Anaiagiza programu ianze mkiani na kurudi nyuma. Ikikutana na mahali pagumu isipigane napo. Iruke, iandike pengo, iendelee. Kisha anakaa, mkono mmoja karibu na swichi, sikio kwenye chuma. Diski ikipata joto anaisimamisha, anaipumzisha, anaendelea. Kinyozi anapita akinyata mbele ya mlango, kama anapita wodini.

Mchana unaisha hivyo.

Kidonda kilichobaki ni kidogo kuliko walivyoogopa, na Shangazi anakiacha. Anaitoa diski mgonjwa, anafungua nakala na kwenda moja kwa moja kwenye folda ya shule. Nembo inagoma kufunguka. Ilikuwa imelala juu ya kidonda kabisa.

Mdarizi anasogeza stuli karibu na kioo.

Shangazi anafungua AKIBA. Nembo inajichora kioo kizima: ngao, kitabu, utepe, ndege mwenye mabawa yote mawili.

"Ni ya mwaka jana," mdarizi ananong'ona. "Wamebadilisha rangi ya utepe tu. Hiyo nabadilisha nikiwa nimesimama."

Kisha anamgeukia kinyozi. "Ulikuwa unacheka nini?"

"Nilikuwa nakohoa, mama."

Michoro michache ya miezi ya karibuni imepotea, na Shangazi anamwambia hivyo waziwazi, moja baada ya nyingine. Hapendi mteja akagundue mwenyewe nyumbani. Mingine yote ipo. Anampa diski mpya pamoja na ya pili iliyonakiliwa sawasawa, kwa sharti moja: zisilale nyumba moja.

"Kazi hii naijua," anasema Shangazi akinyoosha mgongo. "Naijua vizuri. Lakini nimechoka kuitwa kilio kikishaanza."

Kwa hiyo ana mpango. Kuanzia mwezi ujao, kila Ijumaa atazunguka korido hii na zile za ghorofa za juu, kwa mshona viatu, kwa mpiga picha, kwa daktari wa meno, akinakili diski zao zikiwa bado nzima. Anataka siku moja hii ndiyo iwe kazi yake kubwa, na uokoaji uwe wa nadra. Kinyozi tayari amesema yeye ana miziki tu, haina haja.

"Tunaanza na wewe," amejibiwa. "Wateja wanafuata muziki, si mkasi wako."

Mdarizi, aliyekwisha fika mlangoni, anarudi kuuliza kipimo cha mabega. Atamshonea koti la kuzungukia, lenye jina kifuani.

"Niandike vipi? Shangazi?"

Shangazi anafikiri kidogo, huku anafuta meza.

"Hilo liweke dogo, wanalijua. Juu yake andika FUNDI. Herufi kubwa, zisomeke kutoka mwisho wa korido."