Mama Zuhura Alifuta Ujumbe Wake

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mvi zikiwa hazijaanza kichwani mwangu na mdomo wangu ukinitangulia kila mahali. Nilikuwa fundi cherehani pale Kimisagara. Tulishona watu kumi na wawili chumba kimoja, na tulikuwa na kikundi chetu cha wasap cha kupeana habari. Mimi nililelewa Tanzania, ng'ambo ya mpaka, basi nikajiona ndiye mwenye Kiswahili na wenzangu wote wamekiazima kwangu. Usicheke. Tabia hiyo na wewe unayo, jana nimeona ulivyomjibu yule dada kikundini kwenu.

Asubuhi ile Mama Zuhura, aliyekuwa akishona karibu na dirisha, hakuja kazini. Akaandika kikundini: "Wanangu, binti yangu iko hospitali, kesho anapasuriwa. Niko peke yangu. Munigemurire." Kugemura unakujua, ni kumpelekea chakula mgonjwa na anayemuuguza. Hapa kwetu mtu akiomba hilo, hasubirishwi.

Nikawa wa kwanza kujibu. "Mama, r na l umezichanganya tena, na 'iko' si ya watu. Kiswahili hicho umekinunua wapi?" Wawili watatu wakaweka vicheko. Nikafurahi, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Muda si mrefu ujumbe wake ukawa haupo, ameufuta. Waliochelewa kufungua simu wakakuta kejeli yangu tu, hawakujua mama alisema nini. Waliocheka, kila mmoja akadhani mwenzake ataenda. Mimi hata kudhani sikudhani. Nilikagua kila herufi, nikakosa kusikia kwamba mama wa watu anaomba chakula.

Alhamisi Mzee Sudi, fundi wetu mkuu, alikwenda hospitali kumwona jirani yake. Akamkuta Mama Zuhura kwenye benchi, siku ya nne hiyo, anaishi kwa chai anayogawiwa na wauguzaji wa wagonjwa wengine. Mzee aliporudi, ameshaelezwa yote, hakunifokea. Alinivuta pembeni, akaniwekea koti mkononi.

"Mkono wa hili koti uliushona kinyume," akasema. "Mteja alikuwa amesimama hapa. Nilikuambia?"

"Hapana, mzee."

"Nilikuambia lini?"

"Alipoondoka. Ukafumua kwa ndani, ukanionyesha."

"Basi. Na huyu mama, mtoto wake anangoja kisu, wewe ukamfumua mbele ya soko zima."

Nilikosa pa kuweka uso. Jioni nikapika ndizi na maharage, nikapeleka mwenyewe. Binti alikuwa ameshapasuliwa salama, amelala. Mama Zuhura akapokea bakuli kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Binti iko..." Akanitazama kama mtoto anayengoja fimbo. "Yuko vizuri," akasema polepole.

Mama wa umri wa kunizaa, katika shida ile, ananiogopa mimi. Nililia pale pale, nikamwomba radhi, naye akanishika mkono akasema yameisha. Ila kikundini hakuandika tena. Akiwa na neno alimpigia simu huyu au yule, na mimi, miaka yote tuliyoshona pamoja, hakunipigia hata mara moja.

Sasa nisikilize. Mtu akiandika, tafuta kwanza anataka nini, umjibu hilo. Akiwa na msiba mpe pole, akiwa na furaha mpongeze, na herufi zake uziache zilivyo. Kama kosa litamdhuru, labda kakosea saa ya mkutano au jina la dawa, au ni tangazo la kazi yake na wateja watamdharau, mwandikie peke yake, kwa adabu, kisha usimwambie mtu. Mwenyewe akikuomba umfundishe, mfundishe kwa moyo wote. Kiswahili kizuri nakipenda mpaka leo, wala sikwambii ukiache. Na wewe ukisahihishwa, sema asante, usinune.

Yule dada wa jana alikuwa anauliza kama kuna anayejua pa kupata chumba cha kupanga. Umemsahihisha, hujamjibu. Chukua simu, umpigie.

Mungu akupe masikio ya kumsikia mwenye shida, mwanangu, na akiwa na shida, mtu wa kwanza atakayempigia awe wewe. Amina.