Moyo Upande wa Kulia

Nairobi ukionekana na mtoto mchanga hakuna anayekusalimia. Mtu anamtazama mtoto, anakutazama wewe, kisha anasema, "Mathe, funika mtoto, kuna baridi." Hata jua likiwa linachoma. Nimeambiwa hivyo na wauza mboga na askari wa benki, na pale stejini Kinoo, nikingoja matatu, mama nisiyemjua alinyoosha mkono akavuta blanketi mwenyewe.

Wa kwanza kuniambia alikuwa mama mkwe wangu. Msichana wetu alitoka hospitalini akiwa na mafua tayari, anakoroma puani kama mzee, na yeye, shosho wake, akasema, "Huyu amepigwa na baridi. Hukumfunika." Mafua hayo hayakuisha. Akaanza kutambaa akikohoa, akaanza kutembea akikohoa. Shosho akamfumia sweta ya rangi ya maziwa, yenye vifungo mpaka kooni, na kila ilipombana akamfumia nyingine vilevile, kubwa kidogo. Nilizichukia hizo sweta. Na nilimfunika, wacha mtu asiniambie sikumfunika.

Kliniki tulizunguka mpaka nikachoka. Huyu anasema pumu, yule anasema mzio, wote wanaandika dawa ileile ya maji. Alipokuwa na miaka sita, baada ya kulazwa tena kwa nimonia, tulimpata daktari mmoja kule Westlands, mama wa Kihindi asiye na haraka. Aliweka kipimo chake upande wa kushoto wa kifua, akasikiliza. Akakihamishia kulia. "Mama," akaniambia, "moyo wa mtoto uko huku."

Picha za eksirei tulikuwa nazo tele kwenye bahasha. Waliozisoma kabla yake walidhani filamu imegeuzwa, wakaigeuza.

Akampitishia kibrashi kidogo puani, na sampuli ikapelekwa ng'ambo. Majibu yaliporudi, mama mkwe alikuja nasi. Alisema anataka kusikia kwa masikio yake daktari atasema nini juu ya hiyo baridi.

Daktari alieleza polepole. Ndani ya seli zetu kuna mirija midogo mno, imejengwa kwa chembe za protini zilizopangwa mviringo kama matofali ya kisima, na seli huijenga na kuibomoa kila inapohitaji. Hiyo mirija ndiyo nguzo za seli na ndiyo barabara za mizigo yake, na seli inapogawanyika ndiyo inayovuta urithi, nusu huku, nusu kule. Seli za njia ya hewa zina vijinywele, na ndani ya kila kijinywele imo mirija iliyosimama: jozi tisa pembeni, miwili katikati. Kila jozi ina mikono ya kushika jirani yake na kumvuta. Ikivutana, kijinywele kinapinda, na vyote pamoja hufagia kamasi mpaka kooni.

"Mirija ya mtoto wako iko, na imepangwa vizuri," akasema. "Mikono ndiyo haipo. Kamasi inakaa pale pale, inaoza, mapafu yanaumia." Hata moyo ulikuwa shauri la vijinywele. Mtoto akiwa mdogo kuliko punje ya mchele tumboni, vijinywele fulani huzungusha maji na kuuonyesha moyo upande wa kwenda. Vyake havikuzunguka, moyo ukaenda ulikoenda.

Nikauliza lile moja nililotaka kujua miaka yote. "Kwa hivyo si baridi?"

"Si baridi, mama. Hata ungemlea Mombasa. Alizaliwa hivi, nusu kutoka kwako, nusu kutoka kwa baba yake."

Nililia pale pale kwenye kiti, bila aibu. Mama mkwe alikuwa anaangalia viganja vyake. Tukirudi kwa gari, tulipofika Mountain View, alinigeukia. "Lakini kichwa umfunike," akasema. Nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Daktari alisema tukimtoa kamasi kwa mikono yetu, huenda akaishi mpaka azeeke. Basi asubuhi nilimlaza kifudifudi mapajani nikampigapiga mgongo, na jioni shosho alipanda kutoka kwake akampigapiga yeye, akimwimbia nyimbo za kanisa. Nilimwonea wivu, maana alikuwa anatoa kamasi nyingi kuliko mimi. Shuleni waliambiwa waweke mkono moyoni wakiimba wimbo wa taifa, mtoto akauweka kulia. Mwalimu akausogeza kushoto. Alirudi nyumbani anaringa: "Nimemwambia tiicha, wangu uko huku."

Lakini mapafu yalikuwa yameharibika chini kabla hatujaujua huo ugonjwa. Nimonia ilimrudia, na safari hii dawa zikashindwa. Alikufa Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka barabarani. Waliokuja kutupa pole walinong'onezana jikoni kwangu, "Baridi ya mwaka huu imezidi." Nilitoka nje nisije nikawamwagia chai.

Siku ya kumvisha, mama mkwe alikuja mochari na sweta. Rangi ya maziwa, mpya, kubwa kidogo kuliko ile ya mwisho. Alisimama mlangoni akiishika kwa mikono miwili, akingoja nimkatalie. Nilikuwa na maneno ya miaka saba mdomoni. Nikaipokea.

Tulimvisha pamoja, yeye mkono mmoja, mimi mwingine. Tulipomaliza aliweka kiganja chake kifuani pa mtoto, upande wa kulia, bila kutafuta.

"Najua si baridi," akaniambia. "Lakini sijui kitu ingine ya kumfanyia."

Kifungo cha juu kilikuwa bado wazi. Nilikifunga.